Daktari asiyejua "kubemenda" atamtibuje mtoto wa Mbagala?

Mhariri,

Salaam nyingi. Mi ni muuguzi mstaafu, nimekaa wodi za watoto hapa Dar miaka 29, hospitali mbili tofauti, sasa hivi niko kwangu Mbagala nalea wajukuu na kuku, gazeti lako nalisoma kwenye simu ya mwanangu akirudi kazini. Wiki iliyopita kuna msomaji wa Tabata kaandika kwamba hizi habari za kuhesabu nani anasomeshwa udaktari, katoka wapi, ni mwanamke au mlemavu, ni mambo ya Wamarekani, huku kwetu wote weusi, tunachotaka ni madaktari wenye akili basi, mtoto akizidiwa saa nane usiku nani anauliza daktari kazaliwa wapi. Nimeisoma mara mbili. Nusu nakubaliana naye na hiyo nusu nitaisema, ila nusu nyingine imeninyima usingizi, naona ndugu yetu hajawahi kusimama wodini akaangalia raundi, madaktari wakipita kitanda kwa kitanda, inavoenda.

Kuna mwaka tulipokea madaktari wa intanshipu, hawa wanaoitwa madaktari tarajali siku hizi, na wawili wakaangukia wodi yangu pamoja. Mmoja kijana wa Mikocheni, kasoma English medium toka chekechea, Kiingereza kinamtoka kama maji, kichwa kizuri kweli yani dozi anapiga hesabu bila kikokotoo. Mwingine wa Newala, shule ya kata, mpole, Kiingereza chake kimejaa Kimakonde. Siku hiyo kaletwa mtoto wa miezi kumi na minne, miguu imevimba, nywele nyekundu nyekundu zinanyonyoka, ngozi inabanduka, hataki hata kumwangalia mtu. Unyafuzi ule, kwashakoo, huhitaji profesa kukwambia. Kijana wa Mikocheni akaanza kuchukua historia, mtoto anakula nini, uji, uji wa nini, wa sembe, alinyonya mpaka lini, kimya, kuvimba kumeanza lini, kimya. Mama anaangalia sakafu tu. Dakika ishirini zikaisha hivo, akaandika kwenye faili kwa Kiingereza kwamba mama hajui kujieleza akaenda kwa mgonjwa mwingine, na simlaumu sana, wodi ilikuwa imefurika watoto wamelala wawili wawili kitanda kimoja.

Jioni yule wa Newala akachukua ndoo akaigeuza akaikalia pembeni ya kitanda, akamuuliza swali moja, "Dada, nyumbani wanasemaje?"

Mama akaanza kulia. Nyumbani wanasema kambemenda mtoto.

Kwa wale waliokulia ghorofani nieleze kidogo. Watu wanaamini mzazi akikutana kimwili wakati mtoto bado ananyonya, wengine wanasema akitoka nje ya ndoa, wengine hata na mume wake mwenyewe, basi mtoto anaharibika, anakonda au anavimba, miguu haikazi. Ni aibu kubwa maana mtoto akidhoofika tu mtaa mzima unajua mama yake kafanya nini. Huyu dada alikuwa na mimba ya miezi mitatu na hakuna mtu hospitali aliyekuwa amemuuliza. Siku aliyojigundua akamwachisha mtoto ziwa hapo hapo, si wanasema maziwa ya mimba machafu, akabaki anampa uji mtupu, mawifi wakamsema, mama mkwe akaleta dawa za miti za kumwogesha, mtoto akafichwa ndani wiki nne majirani wasimuone, na asingeanza kuharisha asingeletwa kabisa. Sasa angalia, siku ya kuachishwa ziwa, mimba, chakula, dawa za kienyeji, sababu ya kuchelewa, vyote hivo ndo historia ambayo vitabu vya udaktari vinaitaka, na vimetoka kwa swali moja la mtu aliyekaa kwenye ndoo.

Tukaanza maziwa ya F-75, yale maalum ya watoto wenye utapiamlo mkali, kidogo kidogo kila masaa matatu, mama akapelekwa kliniki ya wajawazito, mume akaitwa tukaongea nae. Mtoto alitoka baada ya wiki tano ananivuta kofia.

Ila hiyo raundi ya kesho yake sijaisahau. Bingwa kafika na watu kama kumi na tano nyuma yake, kijana wa Newala akaanza kumwelezea mgonjwa kwa Kiingereza, sentensi ya pili tu ulimi ukateleza, bingwa akamkata, "Wewe umesoma wapi? Nani alikupitisha?" Watu wakacheka. Hata mama mwenye mtoto alitabasamu kwa kuwa aliona wengine wanacheka, hakuelewa hata neno moja la mambo yaliyokuwa yanasemwa juu ya mwanae. Kijana akanyamaza, historia yote ile ikabidi niimalizie mi kwa Kiswahili. Toka siku hiyo hakufungua tena mdomo kwenye raundi, alifanya kazi vizuri tu, kimya kimya, mwaka ukaisha. Ubingwa wa watoto hakuomba. Nasikia yuko kwenye mradi fulani wa takwimu, anakaa na kompyuta. Hakuna sheria iliyomfukuza, hakupigwa disco ya kufukuzwa chuo wala sapu ya kurudia mtihani hakuwahi kupata, alisahihishwa Kiingereza mpaka akaondoka mwenyewe, na wizara ukiiuliza itakwambia huyo hakuwa na nia ya kusoma ubingwa.

Yule wa Mikocheni je? Siku hiyo hiyo alinifata nyuma nikiwa nasukuma kitoroli cha kufungia vidonda, akaninong'oneza, "Sista, hivi kubemenda ndo nini?" Nikamweleza. Leo ni daktari bingwa wa watoto, mzuri sana, na nimeshampelekea wajukuu wawili, swali lake la kwanza kwa mama ni "nyumbani wanasemaje". Kajifunza kwa mwenzie. Mwenzie hakubaki kujifunza chochote kwake.

Kwahiyo ndugu wa Tabata, ile nusu ninayokubaliana na wewe ni hii: kwenye dozi hakuna huruma. Mtoto anapimwa kwa kilo, nukta ikihama sehemu moja umempa dawa mara kumi, awe wa Newala awe wa Masaki asiyejua hesabu hiyo asiguse sindano. Mi mwenyewe nimewahi kukataa kuchoma dozi iliyoandikwa na mtoto wa mkubwa mmoja, ikaletwa kesi, ikaonekana nilikuwa sahihi, yakaisha. Mtihani ubaki mgumu vile vile. Ninachosema ni kwamba sisi tunachuja watu kwa vitu ambavyo havimo kwenye mtihani alafu tunaviita uwezo.

Na usiniambie hili ni jambo la kuletwa na ndege. Mwalimu alikuwa anasema Waingereza walituachia mainjinia wawili na madaktari 12, unadhani wengine walikuwa hawana akili? Hapa hapa Dar wakati wa Mjerumani hospitali ya Ocean Road ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, sisi na Wahindi tukawa tunatibiwa kwenye ile ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa hela zake ijengwe, mpaka 1956 ilipofunguliwa Princess Margaret ambayo ndo Muhimbili ya leo. Jina la Sewa Haji bado liko pale kwenye jengo la wodi, watu wanapita chini yake kila siku na chupa za chai. Alafu tulipopata uhuru tukaweka kota za kwenda sekondari ili mikoa yote ipate, wenzetu wa Kilimanjaro walinung'unika sana na wengine mpaka leo hawajamaliza. Lilipokuja Azimio la Musoma mwaka 1974, kwamba lazima ufanye kazi kwanza ndo uende chuo kikuu, wasichana wakapungua, wengi walikuwa wanaolewa au wanazaa katikati hapo, serikali ikaona ikawaondolea hilo sharti. Hakuna aliyesema ni mambo ya Marekani. Tuliona mlango umekuwa mwembamba kwa watu fulani tukaupanua, basi.

Nikigusa wasichana siwezi kumpita Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, kasomea Urusi ile ya Usovieti miaka ya 60, na kwa taarifa yenu ni daktari wa watoto. Mwaka 1987 yeye na wenzie wakaanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Sasa hivi wasichana wodini ni wengi tu, ila bado daktari wa kike akiingia na koti lake na stetoskopu shingoni mama anamwambia sista naomba unibadilishie dripu, na nesi wa kiume aliyekuja na beseni anaitwa dokta! Tunacheka ila ukiitwa hivo mwaka mzima huku bosi nae anakuuliza utazaa lini ili apange zamu, unachoka.

Sasa tuje kwa Wamarekani wenyewe maana ndo wametajwa. Nina mpwa wangu yuko Ohio anasomea ubingwa wa watoto kwenye hospitali ya watoto, miaka 3 kama huku. Tunachat sana usiku akiwa zamu. Anasema wenyewe wamechafukwa kwelikweli. 2023 mahakama yao kuu ikakataza vyuo kuangalia rangi ya mtu kwenye kudahili, Januari 2025 Trump kaingia tu kasaini amri za kufuta serikalini hizo programu za kutafuta watu wa kila aina, na mwaka huo huo bodi inayosimamia mafunzo ya madaktari bingwa ikaacha kulisimamia lile sharti lake kwamba kila programu ionyeshe inatafuta watu wa kila aina. Kwahiyo msomaji wa Tabata akisema ni mambo ya Wamarekani amechelewa kidogo, Wamarekani nao sasa wanayakimbia.

Ila historia yao inafundisha. Mwaka 1910 kuna bwana anaitwa Abraham Flexner aliandika ripoti ya kusafisha shule za udaktari, viwango vipandishwe, maabara ziwepo, shule mbovu zifungwe. Kwa maneno yake jambo zuri tu. Shule za watu weusi zilikuwa 7, zikabaki 2, Howard na Meharry. Zile 5 zilifungwa kwa kukosa maabara na hela, na hela hazikuwepo kwa sababu ya ubaguzi, kila mtu anajua, na miaka zaidi ya mia imepita bado madaktari weusi kule ni wachache mno ukilinganisha na watu weusi walivo wengi. Nikisoma hiyo nakumbuka enzi za Kikwete tulivochangishwa mtaani kujenga maabara za shule za kata. Mtoto anayesoma PCB, yani fizikia, kemia na bailojia, kwenye shule ambayo bunseni hakuwahi kuiona inawaka, anakariri rangi za majaribio kama shairi, huyo akipata C yake na wa Mikocheni akapata A, mashine ya kuchagua inaona C na A.

Tena niseme ukweli, kuna utafiti ulivuma sana mwaka 2020 kwamba watoto wachanga weusi kule Florida walikuwa wanapona zaidi wakihudumiwa na daktari mweusi, mpwa wangu alinitumia kwa furaha. 2024 watu wakaurudia, wakaingiza hesabu ya wale waliozaliwa na uzito mdogo kupindukia, tofauti ikayeyuka. Kwahiyo mi huo siutumii. Sijawahi kuamini kwamba rangi ya mkono ndo inaponya. Wodini kwetu kulikuwa na binti wa Kihindi wa Upanga, Kiswahili chake cha Kariakoo kinawazidi hawa wa English medium mara tatu, bibi mmoja kamwambia mi nataka daktari Mswahili, binti akamjibu, "Bibi mi bibi yangu kazikwa Kisutu, wako kazikwa wapi?" Yule bibi alicheka mpaka akashika mbavu na toka siku hiyo hakutaka daktari mwingine yoyote. Ukisema huyo si wa kwetu kwa vile nywele zake zimelala unakosea sawa na yule bingwa wa raundi.

Jambo la vifaa ndo linaniuma zaidi na hili wengi hawalijui. Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, watu walikifahamu wakati wa korona. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walitoa hesabu zao kwamba kwa wagonjwa weusi kidude kilikuwa kinaficha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, yani kinasoma 93 au 94 mtu anapumua vizuri kumbe damu yake iko chini ya 88. Mwanga wake unapita kwenye ngozi, na walipokuwa wanakirekebisha viwandani ngozi nyingi walizotumia zilikuwa nyeupe. Dokezo la tatizo hili lilikuwepo toka 1990, na ni 2025 ndo mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa rasimu kwamba wenye viwanda wapime ngozi za kila aina. Miaka 35! Mi nawaza, wakati wanakijaribu kama kwenye kile chumba angekuwepo hata mmoja mwenye kidole kama changu si angeuliza? Na huku kwetu ambako kila kidole ni cheusi ni daktari tarajali gani anafundishwa kwamba kidude kikisoma 93 na mbavu za mtoto zinaingia ndani amwamini mtoto?

Manjano ya watoto wachanga ni hivo hivo. Picha kwenye kitabu ni mtoto wa Kizungu kawa kama embe dodo, mwanafunzi anakuja wodini anatafuta embe dodo kwenye mtoto wa Kitanzania, haoni, anamruhusu aende nyumbani. Sisi manesi tulikuwa tunawapeleka dirishani kwenye mwanga wa jua, tunabonyeza pua na kifua kwa kidole tuone rangi inayobaki, tunaangalia fizi, tunaangalia weupe wa jicho, na bado tunawaambia pima damu dokta macho yanadanganya. Manjano yakipanda sana bila kuwekwa kwenye taa au kubadilishwa damu ubongo unaharibika, mtoto anabaki na mtindio au anakuwa kiziwi. Huko Uingereza kijana mwenye asili ya Zimbabwe, Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari St George's London, aliuliza mbona kila ugonjwa mnatuonyesha kwenye ngozi nyeupe, akakaa na walimu wake 2020 wakatoa kitabu cha dalili kwenye ngozi nyeusi. Mwanafunzi! Kwa sababu alikuwepo darasani na hakunyamazishwa. Na sisi hatuna hata kisingizio, Moshi kuna chuo cha madaktari wa ngozi pale KCMC toka 1992 kinasomesha watu wa Afrika nzima, picha za ngozi yetu zipo kwetu. Ila ukienda kwenye vyumba vya madarasa hapa mjini slaidi bado ni za mtoto mweupe, kisa ndo zilizokuja na kitabu.

Nimetaja kiziwi, na hapa naomba unipe nafasi, nimebeba hili kwa muda mrefu. Alikuja mama kiziwi na watoto wawili, mvulana wa miaka miwili kavimba vidole vya mikono na miguu, na dada yake wa miaka saba. Majibu yakatoka, selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchi yetu ni kati ya zile zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, kwahiyo hizi habari tulikuwa tunazitoa kila wiki, tuna maneno yetu ya kuanzia. Lakini nani anajua alama? Hakuna. Daktari tarajali akamwangalia yule binti wa miaka saba. Na mi nilikuwa pale, sikumzuia. Mtoto wa darasa la kwanza akasimama katikati akamtafsiria mama yake kwa vidole kwamba mdogo wake ana ugonjwa wa damu ambao hauishi. Alipofika kwenye neno hauishi akanigeukia mi, "Bibi, maana yake atakufa?" Nikasema hapana. Sijui alitafsiri nini baada ya pale, hakuna aliyejua kati yetu.

Nilipomsimulia mpwa wangu akaniambia kule sheria yao inakataza hospitali kumtumia mtoto kutafsiri, labda iwe dharura kabisa, na mafunzoni wanakaririshwa hilo, kuna mkalimani wa alama kwenye skrini ya kompyuta, unabonyeza anatokea. Sisi tuna sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya 2010 nzuri tu kwenye karatasi. Wala sidai skrini. Shule ya viziwi iko Buguruni, daladala moja kutoka Kariakoo, ni kiasi gani kuwapeleka madaktari tarajali pale siku mbili kabla hawajaingia wodini wajifunze alama hamsini tu, inauma wapi, lini, dawa, damu, usiogope. Na kama siku moja daktari tarajali mwenyewe akiwa na kiziwi nyumbani au anatembelea magongo tusianze kuuliza atapandaje ngazi, tuulize kwanini hospitali ya watoto ina ngazi bila njia ya kiti cha magurudumu wakati wagonjwa wenyewe wanabebwa mgongoni.

La hela nitalipitia haraka maana kila mtu analijua. Posho ya intanshipu ikichelewa, wa Mikocheni anakula kwao na anakuja na gari, wa Newala alikuwa amepanga Keko chumba kimoja na wenzie watatu, zamu ya usiku ikiisha analala kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo ili asilipe nauli mara mbili. Chuoni angalau kulikuwa na boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Alafu ukimaliza ajira hakuna, unaambiwa jitolee kwanza uonekane, mwaka, miaka miwili, bila mshahara, na anayeonekana ndo anayesaidiwa kwenda kusoma ubingwa. Sasa nani ana wazazi wa kumlisha miaka miwili akijitolea? Haya ndo mabingwa wetu wanavochaguliwa, na sio kwa mtihani.

Najua kuna bingwa atasoma hapa aseme huyu mama nesi anatufundisha kazi. Sawa, mniseme. Lakini na mi niulize, raundi inayofanyika mbele ya mama wa Chanika kwa Kiingereza dakika kumi, mtoto wake anageuzwa geuzwa watu wanatikisa vichwa alafu wanahamia kitanda kingine, nani anafundishwa nini pale? Mwanafunzi anafundishwa kwamba mama si sehemu ya mazungumzo. Elezeni ugonjwa kwa Kiingereza ofisini mnapopangia, mitihani si ni ya Kiingereza, ila kitandani semeni Kiswahili, na yule wa Newala ataongea kama radio nawahakikishia.

Kuna neno lingine, lawalawa. Ukiwa wa Singida au Dodoma limeshakushtua. Bibi alileta kichanga cha kike kina homa na kidonda pabaya, akasema alikuwa na lawalawa tukamtibu nyumbani. Daktari aliyekuwa zamu akaandika upele. Kwa bahati kulikuwa na binti wa intanshipu mwenye kwao Manyoni, akaweka kalamu chini, akamtoa bibi nje akazungumza nae taratibu kama mjukuu wake, akarudi akatuambia kichanga kimekeketwa. Toka sheria ya 1998 ilipokataza kukeketa watoto, baadhi ya watu kule wamehamia kwa vichanga, wanasema wanatibu lawalawa, maradhi ya sehemu za siri. Sote tuliokuwepo, mabingwa na manesi wa miaka ishirini, neno lile lilitupita masikioni.

Mi nina daftari, counter book ya kwaya mbili, nimelianza baada ya yule mtoto aliyebemendwa, naandika neno la mama, mama katoka wapi, na alichokuwa anaumwa mtoto kweli. Degedege, na kwanini wengine wanakataza mtoto wa degedege asichomwe sindano. Kimeo. Meno ya plastiki. Chango. Zongo. Utosi kuzama. Yamefika mia na arobaini na kitu. Kabla sijastaafu nililipeleka kwenye ofisi ya mafunzo nikaambiwa nilete soft copy. Mjukuu wangu wa kidato cha pili amekubali kunichapia stationary ya hapo Zakhem likizo hii, tumefika herufi K. Mwalimu yoyote wa madaktari wa watoto anayelitaka aje, Mhariri namba yangu unayo, sitaki hela, ila asije kulichukua bila kukaa nami angalau siku moja maana mwandiko wangu mwingine hata mi siuelewi.

Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam